Mbwa Aliyetoka Kupasuliwa: Siku ya Tatu Ndiyo Ninayoiogopa

Uliza Daktari wa Wanyama

Barua za mwezi huu zimejaa mbwa jike waliotolewa kizazi. Nafurahi, maana miaka ya nyuma nilikuwa nikiletewa kartoni za watoto wa mbwa niulizwe nitazipeleka wapi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, na wenye hizo nyingine waniwie radhi.

*

Daktari, habari ya kazi. Nina mbwa jike anaitwa Sukari, wa mwaka mmoja na nusu, mchanganyiko wa kienyeji na German Shepherd. Jumanne alitolewa kizazi. Alirudi akiyumba kama mlevi, akalala, akakataa chakula. Jumatano alishinda akinung'unika. Leo Ijumaa ameamka mzima kabisa, anarukia geti na kuwakimbilia watoto wakitoka shule. Mume wangu anasema tumwachilie usiku alinde kama kawaida, kwa sababu jirani ameibiwa mtungi wa gesi juzi. Mama mkwe yuko hapa kututembelea, naye anataka kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi kisha kipakwe jivu. Na kijana wetu mkubwa alimpa nusu ya Panadol Jumatano aliposikia analia. Nimsikilize nani?
Mama Watoto, Utawala

Mama Watoto, jarida hili hutoka mara moja kwa mwezi, kwa hivyo nilikupigia simu siku ile ile niliyoisoma barua yako, na najua Sukari ameshatolewa nyuzi. Hapa nawaandikia wenzako, kwa sababu nyumba yako imekusanya chini ya paa moja mabishano ambayo mimi huyasikia kwa wateja tofauti tofauti.

Nianze na baba. Hoja yake ina msingi. Nani hajaibiwa Utawala? Lakini afahamu kilichofanyika mezani. Daktari alipasua ngozi, akapasua ukuta wa tumbo katikati pale misuli ya kushoto na ya kulia inapokutana, akatoa ovari mbili pamoja na mfuko wa uzazi, akaifunga mishipa ya damu iliyokuwa ikivilisha viungo hivyo, kisha akashona kurudi nje tabaka kwa tabaka. Mshono unaouona wewe ni wa ngozi tu. Huo hukauka mapema na kupendeza macho. Ule wa ndani, unaoyazuia matumbo yasitoke, bado unategemea uzi mtupu. Mwili haujaunganika vya kutosha kubeba mzigo wa mbwa mzito anayerukia geti.

Na kwa nini Sukari aliruka? Kwa sababu nusukaputi ilikuwa imemtoka, dawa ya maumivu ilikuwa inafanya kazi, na mbwa hajui kwamba alipasuliwa. Siku ya kwanza hakuna anayenipigia simu akisema mbwa amevunja mshono, kwa kuwa siku ya kwanza mbwa mwenyewe hataki kusimama. Simu hizo huja kuanzia siku ya tatu hadi ya tano. Mwenye mbwa anaona amepona, anafungua banda, mbwa anafukuzana na paka juu ya ukuta, na asubuhi kuna uvimbe tumboni unaocheza ukiguswa. Mbwa anayelala kutwa nzima na kukutazama kwa macho ya huruma hanipi shida. Huyu mchangamfu ndiye anayeninyima usingizi.

Kwa hivyo ni siku 10 hadi 14, mpaka nyuzi zitolewe na daktari aseme sawa. Hakuna kuachiliwa usiku. Hakuna kuruka, kukimbia, kupanda kochi wala kucheza na mbwa mwingine. Akienda haja, aende amefungwa kamba, kamba fupi, na mtu mzima ameishika, si mtoto wa darasa la tatu. Kama banda lake ni refu kiasi kwamba anaweza kuruka ndani yake, mlaze stoo au pembeni jikoni. Mwizi akija, Sukari atabweka akiwa stoo. Mdomo haukupasuliwa.

Sasa kijana. Alikuwa na huruma na simlaumu, lakini wazazi wote wanaosoma ukurasa huu wamwambie mtoto wao leo: dawa ya maumivu ya binadamu hapewi mbwa. Panadol, ambayo ni parasetamo, huweza kuharibu ini na chembe nyekundu za damu za mbwa. Kwa paka ni mbaya zaidi. Hata kidonge kimoja huua. Brufen na Diclofenac, ambazo kila duka la dawa mtaani linauza bila kuuliza swali, huchimba vidonda tumboni na kuua figo. Hatari huongezeka mbwa akiwa tayari amepewa meloksikamu au kaprofeni na daktari wake, kwa sababu dawa hizo ni za ukoo mmoja na Brufen na hazichanganywi. Nusu kidonge kwa mbwa wa ukubwa wa Sukari hakikumdhuru, kama nilivyokueleza. Angekuwa mbwa mdogo wa kilo nne tungezungumza lugha nyingine. Akilia kwa maumivu, mpigie daktari aliyempasua akuongezee dawa au akubadilishie. Na ile uliyopewa umpe pamoja na chakula, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye bahasha, hata kama unaona ameshachangamka.

Mama mkwe nitamjibu kwa heshima zote, maana jivu limetibu mengi nyumbani kwetu pia. Kidonda hiki kilichanwa kwa kisu safi na kushonwa kikiwa safi. Kazi yetu ni kukiacha hivyo hivyo. Chumvi inawasha, na kikiwasha atakilamba. Jivu linaingiza uchafu kati ya nyuzi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huchoma nyama changa inayojaribu kuunganika. Alovera ni chungu, mbwa akiilamba anaharisha. Na kwa kuwa nimeshaiona, nitaitaja: oili chafu ya injini, ambayo watu huwapaka mbwa wenye upele, isikaribie mshono, na kusema kweli isikaribie mbwa yeyote. Kama matope yamerukia pale, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba safi, gusa taratibu, kausha. Basi. Asioge hadi nyuzi zitoke. Watu huniambia ananuka. Anuke.

Kitu kimoja mama mkwe yuko sahihi kukiogopa ni nzi. Nzi wa Nairobi hawana aibu. Wakipata jeraha lenye unyevu hutaga mayai, na funza huonekana kabla hujajua kuna tatizo. Ndiyo maana nataka mgonjwa alale ndani, juu ya shuka au gunia safi linalofuliwa, si chini ya mwembe karibu na pipa la taka. Ile dawa ya rangi ya fedha ambayo madaktari wengi hupuliza juu ya mshono isikwanguliwe, itabanduka yenyewe.

Na wewe mama wa nyumba, kazi yako ni kutazama. Asubuhi na jioni, mlaze ubavu, uangalie mshono penye mwanga. Wekundu kidogo pembeni, michubuko ya zambarau, tone la maji ya waridi siku ya kwanza, hayo ni ya kawaida. Kikohozi kidogo kwa siku moja mbili pia, kwa sababu huenda aliwekewa mpira wa kupumulia kooni. Asipokwenda haja kubwa siku mbili tatu usishangae, alikuwa amefungishwa kula kabla ya kupasuliwa. Asipokula kabisa baada ya saa 48, hapo piga simu.

Saa 24 za kwanza ndizo za kuchunga damu ya ndani, ambayo huwezi kuiona. Inua mdomo wake utazame ufizi. Uwe wa waridi. Ubonyeze kwa kidole, utageuka mweupe, na rangi irudi kabla ya sekunde mbili kuisha. Kama ufizi wake ni mweusi kwa asili, vuta kope ya chini ya jicho utazame ndani yake. Ukiona weupe, na mbwa ni baridi, anahema haraka, hataki kuinua kichwa au tumbo linajaa, usisubiri kupambazuke. Hiyo ni safari ya usiku ule ule, hata kwa teksi. Vivyo hivyo usaha, harufu mbaya, damu inayodondoka bila kukoma, au joto linalozidi nyuzi 39.5. Mbwa mzima ana joto kati ya 38.3 na 39.2, kwa hivyo usimpime kwa mkono ukasema ana homa. Yeye siku zote ni moto kuliko wewe. Na ikitokea mshono umefunguka na matumbo yanaonekana, usijaribu kuyarudisha. Lowesha taulo safi kwa maji safi, mfunge nayo, mzuie kujilamba, mkimbize.

Barua yako imefika msimu wa baridi, na hilo nalo niliseme. Nusukaputi huushusha mwili joto. Usiku wa kwanza, mwezi wa Julai, mbwa aliyelazwa kwenye sakafu ya saruji atatetemeka hadi asubuhi. Mtandikie gunia na blanketi, mfunike mgongo. Chupa ya maji moto isimguse ngozi moja kwa moja, kwa kuwa akiwa bado na usingizi haondoki hata ikimchoma.

*

Daktari, mambo vipi. Mimi ninaishi Roysambu, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Mbwa wangu wa kilo 20 alipewa ile kola kubwa ya plastiki ya shingoni. Anagonga kila kitu, amemwaga maji, usiku hanilazi. Nikienda kazini saa kumi na mbili asubuhi naweza kumvua apumzike, nimvishe nikirudi? Na ngazi nifanyeje?
Kijana wa Roysambu

Kijana wangu, umepanga kinyume. Ukiwapo nyumbani na macho yako yako juu yake, unaweza kumvua dakika chache ale na kunywa. Ukiondoka, ndipo hasa kola inatakiwa iwe shingoni. Meno ya mbele ya mbwa yameumbwa kwa kuchokonoa vitu vidogo, na nyuzi za ngozi anaweza kuzimaliza wewe ukiwa bado stejini unasubiri matatu. Yule anayesema mate ya mbwa ni dawa ya kidonda aje kliniki siku moja anisaidie kusafisha usaha.

Kola ifike mbele ya pua yake kidogo. Ikiwa fupi ataipita. Shingoni ibane kiasi cha vidole viwili kupita. Maji uyaweke kwenye sufuria pana ya chini, uiinue kidogo juu ya tofali, atafikia bila kugonga. Wengi huzoea baada ya siku mbili za kununa.

Kama kweli imeshindikana, kuna tisheti. Nunua ya mtumba, ya pamba, inayombana kiasi. Kichwa chake kwenye shingo ya tisheti, miguu ya mbele kwenye mikono, kisha upindo wa chini uukusanye juu ya mgongo karibu na mkia na kuufunga fundo. Ibadilishwe kila siku, na ikilowa mkojo ibadilishwe hapo hapo, kwa kuwa kitambaa chenye unyevu juu ya mshono ni kibaya kuliko kutokuwa na kitu. Tisheti haimzuii mbwa mkaidi, atatafuna kupitia kitambaa. Kwa hivyo ijaribu wikendi ukiwa nyumbani kwanza.

Ngazi: siku tatu za mwanzo mbebe. Mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, usimpitishie mkono tumboni. Kilo 20 hazifiki hata nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 50, na wewe ni kijana. Baadaye atatembea mwenyewe polepole, kwa kamba fupi, na safari ziwe chache: asubuhi, jioni, na kabla ya kulala. Mwombe jirani au kijana wa keateka amtoe mara moja mchana kama utachelewa. Mshukuru vizuri, huduma hiyo si ya bure.

*

Daktari, nakusalimu. Mimi ni mzee wa Dagoretti. Mbwa wetu alitolewa kizazi siku sita zilizopita na daktari aliyekuja nyumbani kwa pikipiki. Chini ya mshono kuna uvimbe wa ukubwa wa yai. Haumuumi. Pia mbwa dume wa mtaa mzima bado wamejaa uani, ilhali niliambiwa mambo hayo yamekwisha. Je, nimedanganywa? Na kwa kuwa sasa hazai, chanjo ya kichaa cha mbwa bado ni lazima?
Mzee wa Dagoretti

Shikamoo mzee. Uvimbe wa siku ya sita unaweza kuwa mambo mawili yanayofanana kwa macho na kutofautiana sana kwa hatari. Moja ni maji yaliyokusanyika chini ya ngozi, kwa kawaida kwa sababu mbwa alicheza mno. Hayo huwa laini, hayaumi, na mwili huyanywa polepole mbwa akitulizwa. La pili ni ngiri: mshono wa ndani umeachia, na kilicho chini ya ngozi ni mafuta ya tumbo au utumbo wenyewe. Mimi siwezi kukutofautishia kwa barua, wala wewe usijaribu kwa kubonyeza. Usitoboe kwa sindano, kwa maana ukikuta ni utumbo umemuua. Mpeleke akaguliwe kesho. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo pale kampasi ya Upper Kabete, si mbali nawe, na KSPCA, shirika la kutunza na kutetea wanyama, liko Karen.

Kuhusu daktari wa pikipiki, pikipiki si kosa. Mimi mwenyewe nimekwenda kwa boda boda. Swali ni kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, inayosimamiwa na sheria ya 2011. Kumpasua mbwa tumbo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa, kwenye meza safi, kwa vyombo vilivyochemshwa na mbwa akiwa amelala kabisa. Mwombe nambari yake ya usajili. Aliye nayo atakutajia bila kununa.

Madume nao hujakosea kuwashangaa, lakini hujadanganywa. Kama alipasuliwa akiwa katika joto, yaani msimu wake wa kutaka dume, au karibu nalo, harufu hubaki kwa siku kadhaa, na mengine hubaki kwenye manyoya na kwenye ua alikokojoa. Hawezi kushika mimba tena. Lakini dume akimpanda sasa anaweza kumrarua mshono wa ndani, na hilo humaliza maisha. Mfungie ndani, ziba matundu ya ua, osha sehemu alipokojoa. Akivuja matone machache ya damu nyuma kwa siku chache, si ajabu. Yakiongezeka, litaje hilo kesho kwa daktari.

Chanjo, mzee wangu, haihusiani na kuzaa. Kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, na mbwa asiye na kizazi huumwa na kuuma kama wengine. Anachanjwa tangu miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na njia yenyewe ndiyo hii, kuchanja mbwa. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

*

Daktari, watu wananiambia mbwa akitolewa kizazi hunenepa na kuwa mvivu, hata mwizi akipita anamtazama tu. Ni kweli? Namlisha ugali na omena, mara nyingine vichwa vya kuku.
Mwenye Ploti, Githurai

Kunenepa ni kweli nusu. Mwili wake sasa unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, na hamu yake ya kula huongezeka. Ukimwekea sufuria ile ile atanenepa, na lawama si ya kisu. Uvivu wa kulinda si kweli. Mbwa hulinda kwa sababu pale ni kwake, na hilo halikutolewa pamoja na kizazi. Aliyenenepa kupita kiasi ndiye anayechelewa kuinuka.

Usiku wa kwanza mpe maji kidogo kidogo, kisha akishaamka sawasawa nusu ya mlo wake wa kawaida. Wiki hii ya kwanza ugali uwe laini, uchanganywe na supu isiyo na kitunguu wala chumvi, pamoja na nyama kidogo au omena iliyooshwa. Vichwa vya kuku na mifupa viache hadi nyuzi zitoke, maana mifupa hufanya choo kuwa kigumu, na mbwa mwenye mshono tumboni hatakiwi kujikamua. Kitunguu usimpe kamwe, hata kilichopikwa.

Baada ya hapo punguza mlo wake kwa karibu robo, ukianza na ugali, si omena. Mpime uzito siku anayotolewa nyuzi, uandike kwenye kadi yake ya chanjo, umpime tena baada ya miezi mitatu. Ukipapasa mbavu uzisikie bila kuzitafuta. Na wapangaji wako uwaambie waache kumtupia mabaki ya chapati kutoka ghorofani.